Glovu Nyeupe za Shangazi

Jumatano, 3 Julai

Leo Shangazi Conjesta amenijia kazini na glovu nyeupe. Ndefu, za kitambaa kinachoteleza, zinapita kiwiko. Amezitoa kwenye mfuko mbele ya wateja wangu, akazinyoosha juu ya cherehani, akasema, "Otilia mwanangu, hizi ni za sendofu. Siku hiyo hakuna atakayeona kitu."

Kitu chenyewe ni ngozi yangu. Nina soriasisi tangu nikiwa kidato cha pili: mabaka mekundu yenye magamba meupe kwenye viwiko, magotini, mgongoni, na tangu mwaka juzi kwenye vidole vya mikono. Haiambukizi. Nimelisema neno hilo mara nyingi kiasi kwamba nikifa waliandike kwenye msalaba wangu: Hapa amelala Otilia, hakuambukiza mtu.

Sendofu, sherehe ya kuniaga nyumbani, ni Jumamosi tarehe 7 Septemba, mbaazi zikishavunwa na kuuzwa, maana Baba hana benki nyingine zaidi ya shamba letu la Bonga. Harusi ni wiki mbili baadaye. Naolewa na Laurian, mtu wa Mutuka, mwenye duka la vifaa vya sola karibu na stendi. Na kwenye sendofu, kila mtu anajua, bibi harusi hulisha keki kwa mkono wake mwenyewe: kwanza wazazi wake, halafu wakwe, halafu mume mtarajiwa, ukumbi mzima ukitazama. Shangazi ndiye mwenye dhamana ya kunitoa, na kinachomnyima usingizi ni vidole vyangu kwenye midomo ya watu.

Nimemshukuru, kwa sababu nililelewa vizuri. Glovu nimezitia kwenye droo ya cherehani, chini ya mabaki ya bitana. Gauni la sendofu nalishona mimi, na mikono yake itakuwa mirefu au mifupi nitakavyoamua mimi.

Ijumaa, 5 Julai

Baridi. Mlima Kwaraa umejifunika ukungu mpaka saa nne. Vidole vimepasuka. Sketi tatu za shule.

Jumapili, 7 Julai

Mama yake Laurian amekuja naye baada ya misa kutusalimia. Ni mjane, mrefu, mkavu, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Tumempikia kuku. Tulipoketi kula alinitazama mikono, si kwa kuiba kama wanavyofanya wengine, alinitazama wazi, kama anavyokagua mtamba mnadani.

"Hiyo ya vidoleni ni nini?" akauliza.

Mama yangu akaangusha kijiko. Laurian akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Ni ugonjwa wa ngozi, mama. Unaitwa soriasisi."

"Mimi nauliza. Inaambukiza?"

"Haiambukizi."

"Watoto wako watapata?"

"Wengine hurithi, wengine hawarithi. Bibi mzaa Baba alikuwa nayo. Baba hana, Shangazi hana."

"Inauma?"

"Kuna siku inauma."

"Haya," akasema, akaendelea na paja lake la kuku kana kwamba tulikuwa tunazungumzia bei ya chumvi.

Nimechukia mpaka sasa ninavyoandika. Mwanamke huyu ulimi wake ni shoka. Tulipokuwa tunawasindikiza, Laurian alinivuta pembeni: "Mvumilie Mama, ni mtu wa shamba. Mimi sijali kabisa, unajua." Namshukuru Mungu kwa ajili ya Laurian. Mama mkwe nitamvumilia kwa mbali.

Alhamisi, 18 Julai

Mteja mmoja, mama wa Nakwa, aliniletea kitenge ashonewe sare ya sherehe yetu hiyo hiyo. Nilipomwekea futi kifuani akaona vidole. Akasema amekumbuka ana fundi mwingine, akakikunja kitenge chake kwa ncha za vidole utafikiri kimemwagikiwa mafuta ya taa.

Alawi, mwenye duka la vitambaa, ndiye aliyenipangisha baraza. Alikuwa mlangoni ameona yote. Yule mama akamwambia kwa sauti ya chini ambayo hata mimi niliisikia, "Bwana Alawi, mbona unamweka mtu mwenye maradhi hapa?"

"Dada, mimi nauza vitambaa," Alawi akamjibu. "Siuzi ngozi."

Nimecheka mpaka uzi ukakatika. Lakini nyumbani nimejitazama kwenye kioo muda mrefu, na sikuwa nacheka tena.

Jumatatu, 22 Julai

Shangazi amekuja na vidonge. Vidogo, vyeupe, vimo kwenye bahasha ya dawa isiyo na jina. Amevinunua kwa mtu wake wa duka la dawa. "Hivi ni vya mzio. Binti wa rafiki yangu alivimeza wiki moja, ngozi yake ikawa kama ya mtoto mchanga."

Nilipaswa kuuliza jina la dawa. Mimi, ambaye hubishana hata na askari wa barabarani, sikuuliza. Nilitaka iwe kweli. Nimevimeza vya leo na chai.

Jumapili, 28 Julai

Imeondoka.

Siyo kupungua, imeondoka. Viwiko vyangu ni viwiko tu. Nimevaa blauzi ya mikono mifupi kanisani na hakuna aliyenitazama, na hakuna raha duniani kama ya kutotazamwa. Laurian alinishika mkono kutoka kanisani hadi stendi, tukipita katikati ya watu. Mkono wake ulikuwa wa joto. Nikiwa nafurahi hivyo nikagundua kwamba hajawahi kunishika mkono barabarani kabla ya leo.

Jumamosi, 3 Agosti

Bonga, shambani. Mbaazi zimekauka vizuri, zikitikiswa zinacheka ndani ya maganda. Tumekata mashina siku nzima, Baba mbele, Mama na mimi nyuma. Vumbi, kiu, mikono wazi. Mama ananiangalia kila mara na kutabasamu peke yake.

Alhamisi, 8 Agosti

Gauni nimelikata. Lesi ya bluu. Bado sijaamua mikono.

Jumamosi, 10 Agosti

Vidonge vimeisha. Nimempigia Shangazi, akasema, "Umepona, dawa ya nini tena? Utazoea kuwa mzima." Ni kweli.

Jumatano, 14 Agosti

Mgongo unawaka.

Ijumaa, 16 Agosti

Mwili mzima. Siwezi kushika kalamu zaidi ya hapa.

Jumanne, 20 Agosti, hospitalini

Leo naweza kuandika, nitaandika yote.

Ijumaa ngozi yangu iliwaka nyekundu kuanzia shingoni hadi nyayoni, na juu ya wekundu yakatokea malengelenge madogo ya usaha, mengi kama mtama uliomwagwa. Nilitetemeka kwa baridi huku nikichemka. Shuka lilikuwa linanichana. Baba alinibeba mgongoni kama mtoto hadi kwenye bajaji, na kila ilipogonga shimo nilimlaani mtu aliyetengeneza barabara na watoto wake. Mama aliniambia nisali. Nikamwambia, "Sali wewe, mimi nina hasira."

Hapa nimekutana na Daktari Shadya, daktari wa ngozi, mwanamke mdogo mwenye hijabu ya kijivu na sauti isiyopanda. Aliniuliza nimemeza nini. Shangazi, aliyekuwa amekaa kitandani kwangu analia, akatoa kwenye pochi ile bahasha aliyoiokota nyumbani kwetu. Kidonge kimoja ambacho sikukiona kilikuwa kimebaki kwenye kona. Daktari akakigeuza, akasoma alama yake, akafumba macho kidogo.

"Prednisoloni," akasema. "Shangazi, hii si dawa ya mzio tu. Na hukumpa mtu wa kumwambia namna ya kuiacha."

Shangazi akasema alitaka nipendeze tu.

Wananipa maji ya mshipa, mafuta ya mgando kutwa mara nyingi, na vidonge vile vile nilivyoviacha, ila sasa kwa kupunguza kidogo kidogo. Leo homa imeshuka. Daktari alipopita jioni nilimwambia, "Daktari, miaka yote hii naambiwa mara ni fangasi, mara damu chafu, mara nimelogwa, mara kinga yangu imeisha, na wakisema kinga imeisha unajua wanamaanisha nini. Naomba uniambie ni nini, na usinifupishie."

Akavuta kiti.

"Una kamati ya sendofu?" akauliza.

"Ninayo."

"Ina grupu la Wasap?"

"Lina watu wengi kuliko michango."

Akacheka, mara ya kwanza kumwona anacheka. "Basi sikiliza. Seli za kinga nazo zina grupu. Hazina simu, zinatumiana protini ndogo ndogo, tunaziita saitokaini. Ukikatwa na mundu shambani, seli ya kwanza inatuma ujumbe: kuna jeraha, njooni. Wenzake wanakuja, wanaua vijidudu, na ngozi inaambiwa izaliane haraka izibe pengo. Kazi ikiisha, grupu linanyamaza. La kwako halinyamazi. Seli moja inatuma, nyingine inapokea na kusambaza, na kila anayesambaza anaongeza chumvi. Kuna protini moja inaitwa intalukini kumi na saba. Ikifika kwenye ngozi ni kama amri: zaliana mbio. Ngozi ya kujengwa mwezi mzima inajengwa kwa siku chache. Haikomai, inarundikana, ndiyo magamba hayo. Na ngozi iliyochoka hivyo nayo inatuma ujumbe wake kurudi kwenye grupu, na zogo linaanza upya."

"Na hilo jeraha lenyewe liko wapi?"

"Halipo."

Halafu nikauliza kuhusu vidonge vya Shangazi.

"Hivyo viliwanyang'anya simu wote kwa mpigo. Kimya kizuri, ukaona umepona. Ulipoviacha ghafla, wote wakarudishiwa simu siku moja, na kila mmoja alikuwa na la kusema."

"Kwa hiyo kinga yangu haijaisha."

"Otilia, kinga yako haina shida ya udhaifu. Ina kiherehere."

Nimeliandika neno hilo hapa ili nisilisahau. Miaka yote hii nimetembea nikiinamisha kichwa kana kwamba nimeoza ndani, kumbe ndani nina jeshi linalopiga kelele kwa sababu ya uvumi. Mimi na mwili wangu tumesingiziwa jambo lile lile. Nimekasirika na nimefurahi kwa pamoja, na sijui lipi limenipa nguvu ya kula uji wote.

Alhamisi, 22 Agosti

Laurian ametuma ujumbe: *Pole mpenzi, mzigo wa paneli umeingia, nikipata nafasi nakuja.*

Aliyekuja ni mama yake. Kutoka Mutuka, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alisimama miguuni pa kitanda akanitazama usoni, mikononi, mguuni palipokuwa wazi.

"Imekuwa kubwa," akasema.

"Imekuwa kubwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Daktari yuko wapi?"

Akamwuliza Daktari Shadya maswali yale yale aliyoniuliza mimi, mbele yangu, bila kupunguza hata moja. Majibu yakawa yale yale. Kisha akaongeza, "Ina dawa?"

Daktari akasema haina ya kuimaliza, ila ipo ya kuituliza. Vipo vidonge vinavyomezwa mara moja tu kwa wiki, siku ile ile, vinaitwa methotreksati, vinalipunguzia lile grupu makelele. Damu na ini vitapimwa kila baada ya muda. Zipo pia sindano za kumnyamazisha mtumaji mmoja tu, lakini hizo kwa sasa ziko mbali na mifuko yetu. Jambo moja kubwa: anayemeza vile vya wiki hapaswi kushika mimba, mpaka aviache na miezi ipite.

Mama Laurian akaitikia kwa kichwa polepole, akanimiminia maziwa, akaondoka kuwahi gari. Hakunipa pole hata moja. Nilikunywa maziwa yake nikiwa nimenuna, na yalikuwa mazuri mno.

Jumapili, 25 Agosti

Laurian amekuja. Amesimama mlangoni mwa wodi, ameniletea maji ya matunda. Nilimwambia kuhusu vidonge vya wiki, kwamba nataka kuanza mara tu daktari akiruhusu.

Akaangalia nje. "Unajua Mama anataka mjukuu mapema. Yuko peke yake. Tuzae kwanza mmoja, halafu utaanza. Unaweza kuvumilia mwaka, si ndiyo?"

Nikasema sawa, nitavumilia. Ndoa ina mengi ya kuvumilia, nami nimeshazoea. Lakini yule mama nimemchukia upya. Anakuja na kibuyu mkononi na hesabu ya wajukuu kichwani.

Alhamisi, 29 Agosti

Nipo nyumbani, Bonga. Usaha umekauka, mabaka yamebaki, makubwa kuliko ya mwanzo. Daktari amesema jua la asubuhi, lile la pole, linasaidia: linaituliza kinga iliyo ndani ya ngozi. Kidogo kidogo, nisijiunguze.

Basi dawa yangu inataka nivue. Kwa miaka kumi na zaidi nimevaa mikono mirefu Januari na Desemba, kumbe nilikuwa naikimbia. Leo asubuhi nimevaa blauzi isiyo na mikono, nimekaa uani kando ya njia ya kwenda kisimani, nikipiga mbaazi kwa fimbo. Watu wamepita. Wengine wamesalimu, wengine wamesahau kusalimu. Mtu akinitazama sana namwita: "Karibu, njoo uone kwa karibu, haiambukizi." Mmoja alikuja kweli, akauliza vizuri, akanisaidia kupepeta debe zima.

Ijumaa, 30 Agosti

Jana kwenye grupu la kamati mtu ameandika kwamba bibi harusi "ameathirika" na kwamba wenye watoto wadogo wafikirie kama waje. Ujumbe umesambazwa, ukarudi na maneno mengine, ukasambazwa tena. Nilisoma yote mpaka mwisho.

Kisha nikapiga picha mikono yangu yote miwili juani, nikaituma humo humo. Chini yake nikaandika: *Hii ndiyo soriasisi. Kinga yangu ina kiherehere kama baadhi yenu. Haiambukizi kwa mkono, kwa kikombe, kwa keki wala kwa Wasap. Anayeogopa asije, sahani yake tutampa anayekuja.*

Alawi peke yake akatuma dole gumba.

Laurian amepiga simu. "Ungeniuliza kwanza. Wateja wangu wamo kwenye grupu hilo."

Nikamwuliza kama wateja wake wanaoa au ananioa yeye. Akasema nina maneno mengi siku hizi.

Jumatatu, 2 Septemba

Gauni halina mikono. Nimeikata kwenye bega kabisa na kuipindia bitana. Mbaazi zimeuzwa.

Jumapili, 8 Septemba

Sasa ni asubuhi, nyumba imejaa masufuria ya watu na Mama bado amelala. Nianze na chumba cha kuvalia.

Shangazi alifunga mlango, akatoa zile glovu. Alikuwa amezichukua kwenye droo yangu bila kuniambia. "Vaa, mwanangu. Nakuomba. Kwa saa mbili tu."

Nikamwambia sivai. Nilidhani atagomba, lakini akaketi juu ya sanduku akaanza kulia kwa namna ambayo sijawahi kumwona.

"Wewe humkumbuki mama yangu," akasema. "Alikuwa na bakuli lake peke yake. Kikombe chake peke yake. Sisi watoto wake tulikula na baba, yeye alikula jikoni, amefunikwa shuka mpaka hapa, mpaka amekufa. Sikutaka wewe uione hiyo. Ndiyo maana nilikwenda kutafuta vile vidonge, Otilia, si kwa ubaya."

Wiki tatu nilikuwa nimemwekea Shangazi kinyongo cha kutosha watu wawili. Kiliniishia hapo hapo, nikapiga magoti, nikamshika.

"Shangazi, Bibi alijifunika maisha yake yote," nikamwambia, "na bado alikula peke yake."

Kisha akafuta uso, akazikunja glovu, akazitia kwenye pochi yake mwenyewe, akanifunga zipu ya gauni.

Niliingia ukumbini mikono wazi. Nilisikia minong'ono ikipita meza hadi meza, nami nikaipita. Muziki, nderemo, hotuba ya mwenyekiti wa kamati ambaye alitaja jina langu vibaya. Kisha keki.

Nikamlisha Baba. Alifungua mdomo kabla sijafika. Nikamlisha Mama, akalia na keki mdomoni, ikabidi nimpanguse. Shangazi naye nikamlisha, ingawa hakuwa kwenye ratiba.

Tulipogeukia upande wa wageni, mshereheshaji akaja na uma kwenye sahani ndogo. Uma umefungwa utepe wa bluu, rangi ya gauni langu, kwa hiyo si wa dharura, mtu alikaa akapanga. "Kwa wageni wetu," akatangaza, "tutatumia uma, ule ustaarabu wa kisasa."

Nikamtazama Shangazi. Akatikisa kichwa: si yeye.

Mama Laurian alikuwa ameketi wima, kitenge kipya, mikono magotini. "Uma wa nini?" akauliza, na kipaza sauti kikalidaka swali lake hadi meza ya mwisho.

"Ni maelekezo ya bwana harusi, mama."

Akageuka akamtazama mwanawe. Laurian alikuwa anarekebisha tai. Mama yake akanigeukia mimi.

"Mimi niliuliza mwezi wa saba, mezani kwao. Nikauliza tena hospitali. Nilijibiwa," akasema. "Mimi nikishajibiwa, siulizi tena."

Akausogeza uma pembeni kwa kidole kimoja, akafungua mdomo.

Nimemlisha kwa vidole hivi. Hakufumba macho, hakuharakisha kumeza. Nilikuwa nimemwita shoka na mkaguzi wa mitamba, na yeye peke yake katika ukoo ule ndiye aliyeniuliza kama inauma. Nilimwomba msamaha kimoyomoyo, mbele ya watu wote wale, kipande cha pili kikiwa tayari mkononi.

Kipande hicho kilikuwa cha Laurian. Alisimama, akauokota uma, akaninyooshea huku akitabasamu. Kwa meno yaliyofungwa akaniambia, "Tumia hii, mpenzi. Watu wanarekodi."

Mkono wangu ulikuwa hewani. Nikangoja.

"Fungua mdomo, Laurian," nikasema, si kwa kunong'ona.

Aliendelea kutabasamu, lakini kwa kamera. Mshereheshaji akapandisha muziki. Na hapo nikajua, bila kulia, bila hata kushangaa sana, kwamba nisingeolewa na mtu huyu.

Nikaila keki mwenyewe. Yote. Ilikuwa ya vanila, tamu. Nikavilamba vidole vyangu kimoja kimoja, bila haraka, nikimtazama. Kigelegele kimoja kikali kikapasua ukumbi kutoka meza ya mbele, na aliyekipiga alikuwa Shangazi Conjesta.

Wakati wa kuagana nilimfuata Mama Laurian kwenye gari. Nikamwuliza kuhusu mjukuu wa mapema.

"Nimesema lini?" akashangaa. "Mimba haikimbizwi. Mimi nilidhani umeshaanza dawa."

Jumatatu, 9 Septemba

Laurian amekuja barazani. Alawi akaingia ndani kupanga vitambaa ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

"Nilitaka kukulinda," Laurian akasema.

"Na nani?"

"Na watu."

"Watu nimewalisha. Baba, Mama, Shangazi, mama yako. Aliyekataa alikuwa mmoja."

Akasema nimemwaibisha. Akasema ananipenda, na nadhani ni kweli kwa namna yake, ananipenda pale ngozi inapokuwa imenyamaza, na mlango ukiwa umefungwa. Nikamwambia ya mjukuu pia, kwamba mama yake hakuagiza. Nikamvulia pete, nikaendelea na pindo la suruali nililokuwa nalo. Alipoondoka nililia sana, juu ya suruali ya mtu. Nilikuwa nampenda.

Ijumaa, 13 Septemba

Kwa Daktari Shadya. Damu nzuri, ini zuri, mimba hakuna. Amenipa vidonge vya wiki na vya foliki asidi vya kusindikizia. Ameniambia nichague siku moja ya wiki na nisiibadilishe. Nimemwambia nitaanza tarehe 21.

Jumanne, 17 Septemba

Watu wanasema. Waseme.

Jumamosi, 21 Septemba

Leo ndiyo ilikuwa iwe harusi.

Mama Laurian amefika asubuhi na shemeji yake kuchukua ng'ombe wa mahari, kama desturi inavyotaka. Baba aliwatoa mwenyewe zizini, na hakuna aliyegombana. Wakati wanaume wanawaswaga kwenda barabarani, mama yule alibaki uani amesimama, fimbo mkononi, akinitazama. Nilikuwa na blauzi isiyo na mikono. Nikaleta maji, nikafungua pakiti, nikameza vidonge vyangu vya kwanza mbele yake.

"Ndiyo hiyo dawa?" akauliza.

"Ndiyo hii, mama. Kila Jumamosi."

Akaitikia kwa kichwa. Akatembea hadi langoni, kisha akarudi, akanishika mkono wote, kiganja na mabaka yake, akaushikilia.

"Ng'ombe wangu wote nimewapata," akasema. "Wewe ndiye niliyekukosa."